Mkono Dirishani

Sichana binti Pandu hakujaaliwa kuzaa, na mtaa mzima wa Miembeni ulilijua hilo. Waume wawili walimwoa na wote wawili wakamwacha, wa kwanza kwa maneno makali, wa pili kwa machozi, lakini talaka ni talaka. Alipofikisha miaka arobaini alikata tamaa ya mume na ya mtoto kwa pamoja. Akapanga chumba cha uani nyumbani kwa Bi Mwanapili, akawa anashona kofia za mkono, na watu wakamzoea hivyo: mwanamke mpole, sindano kidoleni, mwenye kuitikia salamu na kurudi kwenye kazi yake.

Jambo ambalo mtaa haukulijua ni kwamba kwao Tumbatu alilelewa na shangazi yake aliyekuwa mkunga. Tangu yu mwari alikuwa akimfuata shangazi nyumba kwa nyumba. Haikuchukua muda shangazi akagundua kwamba mzazi hutulia Sichana akikaa karibu naye. "Wewe kaa kichwani," alimwambia. "Miguuni niachie mie." Basi kwa miaka mingi kazi ya Sichana ilikuwa kukaa kichwani, kushika mkono, kupangusa jasho, kusugua kiuno kwa mafuta ya nazi, kusema neno likihitajika na kunyamaza lisipohitajika. Kisha akaolewa, asishike mimba, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mkono wa tasa hufunga njia. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Alipohamia mjini hakumwambia mtu kwamba aliwahi kuijua kazi hiyo.

Bi Mwanapili, mwenye nyumba, alikuwa na mtoto mmoja tu, Muhiddin, aliyefanya kazi kwenye shamba la serikali Kizimbani. Alikuwa akija mjini Alhamisi jioni na kurudi shamba Jumamosi alfajiri. Mkewe, Mwanakheir, alikuwa binti wa Nungwi, mwenye miaka ishirini hivi, mrefu, maneno yake ya kuhesabika. Mimba yake ya kwanza alikwenda kujifungulia kwao, kama ilivyo ada. Alirudi Miembeni mikono mitupu, na tangu hapo hata yale maneno machache yakapungua.

Sasa, mwaka wa hamsini na sita, alikuwa na mimba nyingine ya miezi saba. Daktari alikuwa ameshamwambia Muhiddin waziwazi: "Safari hii azalie spitali. Asikae nyumbani hata saa moja uchungu ukianza."

Mchana mmoja Mwanakheir na Sichana walikuwa wamekaa uani juu ya mkeka. Sichana alikuwa akimfundisha kushona kofia, kwani aliona mikono ya yule binti haina la kufanya. Ghafla sindano ya Mwanakheir ikasimama.

"Bi Sichana."

"Naam."

"Mtu akifa na mtoto tumboni, wanazikwa pamoja?"

Mwingine angesema: astaghfirullah, usinene hivyo. Sichana aliweka kofia chini. "Nani kakwambia utakufa?"

Hapo Mwanakheir akasimulia. Hakulia. Alisimulia kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Walikuwa wanawake kumi na mmoja chumbani. Nliwahesabu. Siku ya kwanza wote wananiambia kaza, sukuma, na mie hata sijui nasukuma nini. Siku ya pili wakasema mtoto hatoki kwa sababu nna siri. Ati niungame. Nikaungama, Bi Sichana. Nikasema nlimtukana mama mkwe. Sikumtukana. Nikasema nliiba. Sikuiba. Nikazua kila kosa nililoweza kulizua ili mtoto wangu apate kutoka." Akaitazama sindano yake. "Akatoka. Kimya."

Sichana alijua kwamba zamu ya kulia haikuwa yake.

"Nisikilize, mwanangu. Mtoto yule hakuuliwa na siri ya mtu. Uzazi ulikuwa mzito na msaada ulikuwa mbali. Basi. Hakuna jingine."

Mwanakheir aliichoma tena sindano kwenye kofia. "Na huko spitali? Wanasema unaachwa peke yako kitandani, unapiga kelele mpaka sauti inakauka."

"Hutakuwa peke yako."

Aliahidi hivyo papo kwa papo, na hakuwa na habari ataitimiza vipi ahadi hiyo.

Wiki zilizofuata, kila asubuhi wawili hao walivaa mabuibui yao wakaenda polepole hadi uwanja wa Mnazi Mmoja na kurudi, ili viungo vya Mwanakheir visilale. Sichana alimfundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo taratibu. "Kama unavyopuliza moto wa makumbi ya nazi," alimwambia. "Ukipuliza kwa pupa unazima." Akamfundisha kwamba uchungu una kuja na kuondoka. "Wewe mtu wa Nungwi, unayajua maji. Yakijaa, unashindana nayo?"

"Sishindani. Nayapisha."

"Basi na haya utayapisha."

Mara mbili alimchukua hadi hospitali yenyewe, si kwa matibabu, bali akaione. Mwanakheir aliyaona madirisha ya wodi ya wazazi, akaisikia harufu ya dawa, na mara ya pili wakakutana na mzalishaji aliyekuwa akipunga upepo ngazini baada ya zamu yake, binti wa Makunduchi aitwaye Nesi Hija. Mwanakheir alimuuliza maswali matatu. Njiani kurudi alikula embe bichi la kuwekwa chumvi, akacheka kwa jambo dogo. Sichana alikuwa hajawahi kumsikia akicheka.

Mambo yangekwenda hivyo kimyakimya, lakini siku moja Bi Mwanapili alirudi mapema kutoka sokoni. Akamkuta mkwewe amelala ubavu na Sichana anamsugua kiuno. Kikapu kikawekwa chini kwa kishindo.

"Nini hiki?"

"Kiuno kinamuuma, Bi Mwanapili."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Sichana. Wewe unamfundisha nini mke wa mwanangu? Mjukuu mmoja nshamzika. Huyu nataka nimpakate."

Hakulisema lile neno tasa. Hakuwa na haja ya kulisema, lilikwishaingia pale uani na kukaa. Sichana alijifuta mafuta mikononi.

"Kweli, mie siujui," alisema. "Ndiyo maana namsikiliza yeye."

"Siku ikifika nitakwenda naye mimi. Wewe baki na kofia zako."

Siku ilifika Jumanne moja ya Novemba, mvua za vuli zimeshaanza, Muhiddin yuko Kizimbani kwenye pilika za karafuu. Baada ya sala ya alfajiri Mwanakheir alisikia mkazo wa kwanza, na kulipopambazuka teksi ya jirani yao Mabrouk ilikuwa mlangoni. Bi Mwanapili aliingia mbele na furushi la kanga. Mwanakheir akasimama kando ya gari, mkono juu ya mlango.

"Ingia, mwanangu."

"Bi Sichana yuko wapi?"

"Nimekwambia uingie."

"Siingii, mama," alisema Mwanakheir. Alikuwa hajapata hata siku moja kumkatalia mkwewe neno. Aliinamisha kichwa kwa heshima zote, na hakuinua mguu.

Mabrouk alikohoa. "Bibi, gari hii ina nafasi ya kutosha."

Sichana, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango wa uani na buibui lake tayari mwilini, aliitwa. Bi Mwanapili hakumtazama njia nzima.

Wote wawili hawakufika mbali. Kwenye mlango wa wodi walikutana na Mzungu aliyesimamia wodi, ambaye wanawake walimwita Sista Mkubwa, na Sista Mkubwa alijua Kiswahili cha kutosha kusema alilotaka: "Mzazi anaingia. Jamaa wanangoja nje." Mwanakheir aligeuka mara moja tu kabla mlango haujafungwa. Sichana aliyaona macho yake, na alijua yanatazama chumba gani: kile cha Nungwi.

Bi Mwanapili alikaa kwenye benchi la barazani akatoa tasbihi. Sichana hakukaa. Aliufuata ukuta wa jengo, akapita penye bomba, akafika upande wa nyuma. Wodi ilikuwa chini, si ghorofani, na madirisha yake yalikuwa na nondo, mbao zake zimefunguliwa kuingiza hewa. Palikuwa na debe tupu la kumwagilia maua. Aliligeuza, akapanda, akachungulia. Dirisha la kwanza, la pili. Katika la tatu alimwona Mwanakheir, kitanda chake katikati ya chumba, magoti juu, shuka limesokotwa mkononi.

Nesi Hija aligeuka akamwona. Akafungua mdomo kumfukuza. Vitanda vilikuwa vitano, wanawake watano, naye peke yake na mtumishi mmoja wa kufagia. Akaufumba mdomo. Akakisukuma kitanda cha Mwanakheir kwa nyonga mpaka kikagusana na ukuta chini ya dirisha.

"Mimi sijakuona," alisema, akaondoka.

Sichana alipitisha mkono baina ya nondo. Mwanakheir aliushika kama mtu anayezama.

"Nlijua hutakuja."

"Nimekuja. Huo unakuja? Haya, usiushike. Upishe. Puliza makumbi yako."

Ikawa hivyo saa nzima, na saa ya pili, na ya tatu. Uchungu ukija, Mwanakheir alibana vidole vya Sichana mpaka vikafa ganzi, na Sichana alipumua naye, taratibu, mpaka upite. Ukiondoka, alimwambia alegeze mabega, alegeze taya, anywe funda la maji. Wakati mwingine alimwambia ageuke, apige magoti akiegemea ukuta, na alimsugua mgongo kwa kadiri mkono ulivyoweza kufika. Wakati mwingine hakusema kitu. Kwenye kitanda cha pili alikuwapo mke wa fundi mmoja wa Kikwajuni, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipiga mayowe. Kufika saa tano mwanamke yule naye alikuwa amegeuza uso kuelekea dirishani, anapuliza wakati Mwanakheir anapopuliza.

Adhuhuri mvua ikaja. Haikutoa onyo, ilimwagika tu, na upande ule wa jengo haukuwa na kipaa cha kukingia mvua. Buibui la Sichana liliroa likamgandama mwilini. Aliinamisha uso maji yasimwingie machoni, na mkono wake ulibaki ndani palepale, mkavu.

Kisha mvua ikaacha kumpiga. Alidhani imekatika, lakini aliisikia bado. Alipogeuka alimwona Bi Mwanapili chini ya debe, amesimama matopeni na viatu vyake vya kutokea, ameinua mwavuli kwa mikono miwili ili ufike juu ya kichwa cha Sichana. Yeye mwenyewe alikuwa akiloa.

"Angalia mbele," alisema Bi Mwanapili. "Usimwache."

Uchungu mmoja ulikuja, ukapita. Kisha mwanamke mzee akasema, akiutazama ukuta: "Mie nilizaa watano, Mungu kanibakishia mmoja. Hata siku moja sikushikwa mkono."

Sichana alirudi kupumua na Mwanakheir, na mwavuli haukushuka.

Ilipokaribia alasiri Nesi Hija alikuja akampima Mwanakheir. "Umefika," alisema. "Twende chumba cha kuzalia." Chumba hicho kilikuwa ng'ambo ya ukumbi, na hakikuwa na dirisha la kufikika. Mwanakheir aliposikia aliushika mkono wa Sichana kwa mikono yote miwili.

"Siendi."

"Mwanakheir, mtoto anakuja."

"Siendi bila yeye."

Sauti zikamleta Sista Mkubwa. Alisimama akatazama: mzazi kitandani, mkono mweusi ukitokea nondoni, na nje mwavuli katika mvua. Aliuliza kwa Kiingereza, Nesi Hija akajibu, kisha Hija kwa makusudi akageuza maneno kuwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Tangu asubuhi nina wazazi watano, Sista. Huyu ndiye aliyefiwa, huyu ndiye niliyekuwa namwogopa. Na huyu ndiye ambaye hakuniita bure hata mara moja. Mwanamke yule yuko pale dirishani tangu saa mbili."

Sista Mkubwa alitazama saa yake, akatazama tena ule mkono. "Avue hilo buibui," alisema. "Aoshe mikono mpaka viwiko. Apewe aproni. Na asiguse kitu ila mzazi."

Sichana aliingia kwa mlango wa mbele akidondosha maji, akapewa aproni iliyomfika miguuni. Alisugua mikono kwa sabuni mpaka ikawasha. Kisha akaenda akakaa mahali alipokaa miaka ishirini iliyopita, kichwani.

Hapo ndipo pakawa pagumu. Uchungu ulipokuwa hauna tena kupumzika, Mwanakheir alifumbua macho makubwa yasiyomwona mtu, akaanza kulia kwa sauti ya kitoto: "Nitasema! Nna siri, nitasema yote, nlimtukana..."

Nesi Hija aliduwaa. Sichana alimshika mashavu kwa viganja vyote viwili.

"Mwanakheir. Niangalie mie. Huna siri. Una mtoto."

"Nna..."

"Una mtoto. Sikiliza mwili wako unakwambia nini."

Macho yalirudi. Alimtazama Sichana, akavuta pumzi kwa pua, na safari hii hakuna aliyemwambia asukume. Alisukuma mwenyewe, kwa wakati wake, kwa mguno mzito uliotoka chini kabisa. Mara ya nne kichwa kikaonekana, mara ya sita mtoto akawa mikononi mwa Hija, mtoto wa kike, mweusi wa zambarau, na kabla hajafutwa alikwishapiga kelele kama mwenye kudai haki yake.

"Anasikika?" Mwanakheir aliuliza.

"Si mwenyewe unamsikia?"

"Nataka uniambie."

"Anasikika mpaka barazani."

Mtoto aliwekwa kifuani pa mama yake. Kondo la nyuma likatoka. Kutoka wodini mke wa fundi alianza kuita, na Nesi Hija, akiona mambo yametulia, alikwenda kumwangalia. Sista alikwishaondoka. Chumba kikawa kimya, na Mwanakheir akatabasamu, akafumba macho.

Mtu mwingine angedhani kachoka. Lakini Sichana alikuwa na mkono ule tangu asubuhi. Aliujua ulivyobana, ulivyolegea, ulivyotoka jasho. Sasa ulikuwa baridi, na ulegevu wake haukuwa wa usingizi. Midomo ya Mwanakheir ilikuwa imepauka.

"Mwanakheir?"

Jibu lilikuwa pumzi tu. Sichana alimchukua mtoto kwa mkono mmoja, akaenda mlangoni, na yeye ambaye hakupaza sauti siku nzima aliipaza.

"Hija! Mkono wake umebadilika! Njoo!"

Hija alikuja mbio. Alifunua shuka akaona damu. Maswali hayakuwapo tena: mkono mmoja tumboni, akikanda mji wa mimba kwa nguvu, mwingine ukielekeza dawa, mtumishi akatumwa kwa daktari, sindano ikapigwa. "Msemeshe!" alisema Hija. "Asilale!" Sichana, mtoto kifuani, aliinama sikioni pa Mwanakheir, akamwambia habari za bintiye: ana nywele nyingi, ana kidevu cha Muhiddin, ana hasira, anatafuta ziwa. Amefumba ngumi. Amefumbua ngumi. Daktari aliingia. Sichana aliendelea kusema mpaka Hija akanyoosha mgongo, akajifuta paji la uso kwa kiwiko na kusema, "Imekata."

Jioni, Hija alimkuta Sichana ngazini, bado na ile aproni.

"Ningerudi kumwangalia," alisema Hija. "Hilo nataka ulijue. Ningerudi. Lakini ningekuta nimechelewa." Alikaa kando yake. "Vitanda vitano na macho mawili, Bi Sichana."

Sichana alianza kulia, na Hija hakumwambia anyamaze. Alilia machozi ya siku ile, na labda ya miaka mingi kabla yake. Bi Mwanapili, aliyeruhusiwa kuingia dakika tano kumwona mjukuu, alitoka akawapita pale ngazini. Alifika chini, akarudi, akamfunika Sichana mabegani kwa kanga kavu kutoka kwenye furushi lake.

Muhiddin alikuja kesho yake kwa lori la shamba, ananuka karafuu mwili mzima, akampakata bintiye kwa hofu kama anayebeba yai. Siku ya saba mtoto akaitwa Sauda.

Siku arobaini zilikuwa bado hazijatimia, Sichana alikuwa uani anashona, Bi Mwanapili akatokea mlangoni na mwanamke kijana mwenye tumbo kubwa, kanga kaivuta hadi kwenye nyusi.

"Huyu Wanu, mtoto wa marehemu dada'angu, katoka Paje jana," alisema Bi Mwanapili. "Mimba yake ya kwanza. Wenziwe wamemjaza maneno, usiku halali." Alirekebisha ushungi wake ambao haukuhitaji kurekebishwa. "Sikuja kwa maneno mengi, Sichana. Nimekuletea mtu."

"Shikamoo," alisema Wanu kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

Wanu alikaa kwa taabu, akavuta kanga. Alikuwa hajasema neno la pili wakati pazia la chumba cha ndani liliposogea na Mwanakheir akatoka na mtoto begani, bado mwembamba, bado anatembea kwa hadhari. Alimtazama mgeni, akalitazama tumbo lake. Kisha akajikalisha kando yake, akamlaza Sauda mapajani, na yule binti wa maneno machache akaanza.

"Mimi nlikuwa naogopa kuliko wewe," alisema. "Sogea nikuhadithie."

Sichana aliiokota kofia yake, akaacha wazungumze.